Mama Thacienne na Saa ya Maswali Ambayo Hakuna Anayeyajua

Tarehe 2 Julai 2022, baada ya miaka thelathini na sita ya kushika chaki, Mwalimu Thacienne Mukasine anastaafu. Alianza kazi Septemba 1986 katika shule ya msingi huko Muheto, akahamia sekondari ya Lushebere, na tangu 2009 amekuwa mwalimu wa fizikia na hisabati hapa kwetu Kalembe. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Bienvenu Sebarenzi, mwalimu wa Kifaransa, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki. Waliomba uwe wa kuchangamsha, na waliomba usiguse mambo yaliyopita. La kwanza nitajaribu. La pili siliwezi, kwa sababu mambo hayo yaliyopita ndiyo kazi yenyewe aliyoifanya.

Naandika nikiwa na hasira. Nasema mapema ili mtu asije akadhani imenitoroka.

Muheto walimpa darasa la tatu, watoto wengi kuliko madawati, na ukungu. Wenyeji wa kule wanajua: asubuhi unamsikia jirani anakohoa na humwoni. Mwalimu kijana, mwenye sauti ndogo, alikuwa anaita majina ya wanafunzi kupitia dirishani kwa sababu nusu yao walikuwa bado njiani wanapapasa. Aliyeitikia kutoka ndani ya ukungu alihesabiwa kuwa amefika. Mkurugenzi wa shule alipomkataza, Thacienne alimjibu kwamba sauti imefika darasani, na kwamba mwili ni suala la dakika chache. Kisa hicho wanakisimulia Muheto mpaka leo.

Vita vya 1993 vilipolipuka Masisi, familia yake ilikimbia. Kila mtu alibeba anachoweza. Mama yake alipofungua mzigo wa binti yake jioni hiyo akitafuta sufuria, alikuta pakiti za chaki na mche wa sabuni. Alimgombeza mpaka sauti ikakauka. Thacienne mwenyewe anakubali kwamba mama yake alikuwa na haki, kwa sababu walikula viazi vya kuchoma pekee kwa wiki nzima. Lakini chaki zile zilifundisha.

Kisha Lushebere. Huko ndiko ilikozaliwa saa ambayo imefanya jina lake lijulikane kutoka Masisi hadi Walikale, na ambayo imemletea mateso yote nitakayoyaeleza. Watu walikuwa wamekimbia tena, kambi imejaa, na yeye alipewa darasa la watoto waliohamishwa na vita, chini ya bashi, turubai lililotoboka. Vitabu hakuna. Programu ya masomo hakuna. Ijumaa moja mvua iliwazuia kutoka, na msichana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya jiwe alimuuliza: kabla ya vitu vyote, mbele ya nyota na dunia, kulikuwa nini?

Thacienne alijibu kwamba hajui. Msichana akauliza basi ni nani anayejua. Akamwambia hakuna. Wataalamu wa Ulaya na Amerika wamefika karibu sana na mwanzo kwa hesabu zao, kisha hesabu zinakataa, na zaidi ya hapo wanabaki wanatazamana. Ananieleza kwamba watoto walianza kucheka kwa furaha, wakisukumana. Tangu walipokimbia kwao hakuna kitu kilichokuwa kimewapa usawa na mtu yeyote. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na mlango, walipanga foleni hata ya maji. Na sasa waliambiwa kwamba kuna benchi moja duniani ambalo wao na profesa mkubwa wamekaa bega kwa bega.

Tangu siku hiyo, saa ya mwisho ya kila Ijumaa ikawa saa ya maswali ambayo hakuna anayeyajua. Alikuja nayo Kalembe. Kanuni zake zilikuwa mbili. Kusema sijui si aibu. Kusema najua wakati hujui ni uongo, na uongo unakutoa nje ya mlango.

Mimi nilianza kuingia kwa udadisi, nikabaki kwa ulevi wa maswali yenyewe. Nakumbuka Ijumaa ya kile kitu kizito kisichoonekana. Aliwaeleza kwamba makundi makubwa ya nyota yanazunguka kwa kasi ambayo ingepaswa kuyatawanya. Kuna kitu kinayashikilia. Kina uzito, kinavuta, na hakuna chombo kilichokiona. Wanafunzi walikunja nyuso. Akawauliza kama hawajawahi kuona kamba iliyokazwa inaingia katika ukungu asubuhi. Wote walikuwa wameiona. Mwisho wa kamba kuna nini? Ng'ombe, wakasema kwa pamoja. Akawaambia: mnasema ng'ombe kwa sababu mmeshaona ng'ombe. Sasa fikirini nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuona ng'ombe tangu dunia ianze, na kamba imekazwa. Kengele ililia, na hakuna aliyetoka.

Kulikuwa na Ijumaa ya wakati: kwa nini tunakumbuka jana na hatukumbuki kesho. Kulikuwa na Ijumaa ya kama kuna viumbe wengine katika dunia za mbali. Siku hiyo mwanafunzi Noël, ambaye kaka zake wawili walikuwa wanachimba huko Walikale, alisema kama watu hao wapo anawaombea kwa Mungu wasiwe na kolta, madini yanayotuletea vita. Walicheka. Mwalimu alicheka pia, akafuta macho, akaandika ubaoni swali la Noël kama maswali mengine.

Hapo ndipo ningependa kumalizia, niwatakie wageni chakula chema. Nusu ya wageni wa meza kuu wangependa hivyo pia.

Jumanne moja ya Machi 2017, mchana, masomo yamekwisha, kitu kilipita angani juu ya Kalembe. Nilikuwa uwanjani. Kilikuwa cheupe kuliko jua, kikiburuta moshi mnene kama wa majani mabichi, kikitoka upande wa Masisi kuelekea misitu ya Walikale. Kilipita bila sauti. Watoto walikuwa bado wameinua vidole ndipo mlio ulipofika, na ardhi ikatetema. Watu wa hapa wana mazoea na milio. Walishika magodoro, watoto na mbuzi, wakakimbia. Walilala porini na makanisani. Kesho yake walirudi. Hakukuwa na vita. Hakukuwa na askari wala maiti. Kulikuwa na mashamba yaliyokanyagwa na vyungu vilivyovunjika, na mtu aliyekimbia bure hutafuta wa kumlipisha aibu yake.

Karibu na soko aliishi Mama Annonciata, mjane kutoka upande wa msituni. Marehemu mume wake alikuwa mwindaji, na juu ya mlango wake mama huyu alikuwa ametundika kengele za mti ambazo mbwa wa mumewe walivaa wakienda kuwinda. Siku za soko aliuza uyoga na fumbwa, mboga ya majani ya msituni. Jumapili alikuja misa na kukaa nyuma. Nyumbani, kabla ya kula, alitupa kidogo cha chakula chini kwa ajili ya wazee wake, kama alivyofundishwa. Mlio ule ulipotikisa nyumba, kengele zote zililia, zikaendelea kulia. Majirani walisikia.

Siku tatu baadaye, mtoto wa Papa Karangwa, msichana wa miaka minne aitwaye Nicole, alipata homa kali, akaanza kutetemeka, akafa kabla ya jua kutua. Muuguzi wa kituo hakuwa na kipimo wala dawa. Barabara ilikuwa imekatika. Wanaostahili kulaumiwa kwa kituo kisicho na dawa na kwa barabara ile wanaishi mbali, wana walinzi, na hawajulikani kwa sura. Mama Annonciata aliishi karibu.

Pasta Valens, mwenye kanisa jipya pale njia panda, alikuwa na jibu kabla hata ya maziko. Alisema moto wa angani uliitwa kwa kengele, na kwamba ulikuja kuchukua roho. Alisema ameonyeshwa. Nataka msomaji aelewe jinsi jibu lile lilivyokuwa tamu. Liliunganisha kila kitu. Moto, mlio, kengele, mtoto: yote yakakaa mahali pake kama meno mdomoni. Hakuna Ijumaa hata moja ya Mama Thacienne iliyowahi kutoa jibu zuri namna hiyo.

Jumamosi asubuhi, makaburini watu walipotawanyika, kundi kubwa lilipitia kwa Annonciata, likamleta mbele ya shule yetu, likamketisha chini kwenye majani. Shefu wa kijiji alikuwa safarini. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa na kibidoni, kidumu cha mafuta ya petroli. Mimi nilipoona kibidoni, nilikimbia kwa Mama Thacienne. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza, akauliza kama Karangwa yuko pale. Nikasema yuko. Akatoka na mikono yenye povu.

Alipofika, watu walimpisha, na hilo nalo linauma ukilifikiria. Walimpisha kwa sababu walimheshimu. Karibu kila mmoja pale alikuwa na mtoto aliyepita mikononi mwake. Mtu mmoja alimwambia, kwa adabu kabisa, kwamba yeye ndiye msomi wa mambo ya angani, kwa hiyo aamue: huyu mama ndiye alileta ule moto, ao hapana?

Angeweza kudanganya. Nimelifikiria hilo miaka yote mitano. Angeweza kusema ni bomu la jeshi, ni ndege, ni mtambo wa Wazungu ulioanguka, na watu wangekubali kwa sababu mambo hayo yametukuta. Badala yake aliwaeleza anachojua na akasimama pale kinapokomea. Alisema anadhani lilikuwa jiwe kutoka angani, kwa sababu mawe kama hayo yanaanguka duniani kote, lakini hajaliona, kwa hiyo haapi. Alisema mlio ule ulitikisa mabati ya shule, ulivunja vioo vya kanisa, na ulitikisa kengele za mama huyu kwa nguvu ile ile. Kisha akasema kwa Kiswahili cha nyumbani, ili hata bibi aliyekuwa nyuma asikie:

"Mwenye alimuona huyu mama anaita ule moto, atoke mbele. Asiseme alisikia. Aseme alionaka nini na macho yake."

Hakuna aliyetoka. Pasta Valens alisema yeye Mungu amemwonyesha. Mama Thacienne akamjibu kwamba Mungu huyo huyo yeye pia anamwomba kila siku tangu ubatizo, na hajamwonyesha kitu, kwa hiyo wako wawili na mmoja wao amekosea. Watu walianza kunung'unika. Niliona kibidoni kinafunguliwa.

Ndipo Papa Karangwa aliposogea. Nguo zake zilikuwa bado na udongo wa kaburi. Kila mtu alijua kwamba akisema neno moja, mambo yamekwisha. Alisimama karibu sana na mwalimu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, wewe njo umesoma. Mutoto wangu aliuliwa na nini?"

Thacienne alimfahamu Nicole. Mtoto huyo alikuwa anakuja kucheza na chaki zake zilizovunjika.

"Sijue, Papa Karangwa," alisema. "Muuguzi hakukuwa na kitu ya kupimia. Ningejua ningekuambia, hata kama neno lenyewe lingenikata. Sijue. Na hawa bote hawajue. Banataka kukupa mama huyu ili uache kuuliza."

Karangwa alikaa chini kwenye majani, karibu na Annonciata, akaficha uso magotini, akalia kama ambavyo hakulia makaburini. Kundi lilibaki limesimama, lakini mwenye msiba alikuwa ameketi, na hasira yao haikuwa tena na mwenyewe.

Pasta aliendelea kuhubiri. Wakati anahubiri, Solange, mwanafunzi wa darasa la tano la sekondari, msichana ambaye hata kusoma mbele ya darasa kulimtetemesha, alitoka kati ya watu, akaenda kukaa upande wa pili wa Mama Annonciata. Mwingine akamfuata. Wakaja wanafunzi wa Ijumaa wote waliokuwa pale, wakaketi kumzunguka, halafu wanawake wawili wa soko wenye vikapu vyao. Yule wa pikipiki alifunga kibidoni chake, akasema ana abiria anamsubiri.

Mama Annonciata alipona. Nyumba yake haikupona. Vijana waliiteketeza mchana ule ule, pamoja na kengele za mbwa wa mumewe, na hizo ndizo kitu pekee alichokililia. Siku chache baadaye Mama Thacienne alimsindikiza kwa miguu mpaka Lushebere, kwa binti wa dada wa mjane huyo, kwa njia ile mnayoijua, wakipita vizuizi vya wenye silaha, kimoja baada ya kingine.

Sasa sehemu ambayo kamati hasa haikutaka. Hakuna mtu aliyeulizwa kuhusu nyumba ile. Hakuna aliyeulizwa kuhusu kibidoni. Aliyeulizwa ni Mama Thacienne. Inspekta alitumwa kutoka ofisi ambayo nimeombwa nisiitaje. Aliketi katika chumba cha prefe, mkuu wa shule, akanywa chai yetu, akamweleza mwanamke aliyezuia mauaji kwamba amevuruga utulivu, amewafundisha watoto kubishana na watumishi wa Mungu, na kwamba katika programu ya taifa hakuna somo la kutojua. Shule, alisema, ni mahali pa majibu. Mama Thacienne alimuuliza kama yeye binafsi anajua mbele ya mwanzo kulikuwa nini. Inspekta alisema hakuja kufanya mtihani. Akamsimamisha kazi.

Alikaa nje zaidi ya mwaka mmoja. Katika mwaka huo wanafunzi wa darasa la mwisho walikwenda kwenye mtihani wa Serikali bila mwalimu wa fizikia. Sitasema walifanyaje. Muulizeni inspekta wakati wa vinywaji, atakuwepo.

Na katika mwaka huo huo wakaja wanunuzi. Walikuwa wamesikia kwamba jiwe limeanguka kutoka mbinguni na kwamba huko nje lina wateja. Walituma vijana wachimbe. Walichimba katika mashamba ya mihogo, walichimba kando ya kijito, walichimba karibu na makaburi mpaka akina mama wakawafukuza kwa majembe. Waliwahi kumfuata Mama Thacienne wakimtaka awaonyeshe lilipoangukia. Aliwaambia ukweli wake wa siku zote, kwamba hajui, na mmoja wao akamwita mjinga. Jiwe halijapatikana mpaka leo. Wawindaji wa Walikale wanasema msitu umelificha. Mimi nafurahi. Kama kuna kitu kimoja kutoka juu au kutoka chini ambacho hakikubebwa na gari kutoka katika nchi hii, kibaki huko huko.

Ijumaa hazikukoma. Alifundishia kwake, kwenye ukumbi mdogo mbele ya nyumba, mchana baada ya shule. Vililetwa viti, ndoo zilizopinduliwa, magogo. Mtu mzima wa kwanza kuja alikuwa Papa Karangwa. Alikaa nyuma, kofia mkononi, wiki baada ya wiki. Waliongea juu ya nyota zinazokufa na kumeza hata mwanga, na kwamba hakuna anayejua ndani yake kuna nini. Waliongea juu ya kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwa na kitu. Siku hiyo Karangwa aliinua mkono, kama mtoto wa shule. Aliuliza kama katika maswali yao kuna swali la wafu wako wapi.

Mama Thacienne alimjibu kwamba hilo lina sehemu mbili. Yeye ni Mkristo na anaamini Nicole yuko kwa Bwana, na imani hiyo atakufa nayo. Lakini akiulizwa kama anajua, kwa namna anavyojua kwamba maji yanachemka, atasema hapana, na hatamdanganya baba yake Nicole. Karangwa aliitikia kwa kichwa. Alisema polepole kwamba tangu msiba, watu wote waliokuja kwake walikuwa na jibu, na kila jibu lilimfanya ajisikie peke yake. Hapa amekuta watu wanaouliza pamoja naye.

Ni Karangwa aliyewaongoza wazazi kwenda ofisini kudai mwalimu wao arudishwe. Alikwenda mara tatu. Mara mbili waliambiwa mkubwa hayupo, na mara zote mbili viatu vya mkubwa vilionekana chini ya pazia. Mara ya tatu walikuja wengi, wakakaa kwenye ngazi na kula mihogo yao pale pale mpaka mkubwa akapatikana. Mama Thacienne alirudi darasani, hakuna aliyemwomba radhi, na saa ya Ijumaa ilirudi bila ruhusa ya mtu.

Miaka minne iliyofuata ilikuwa mizuri kwa namna inayowezekana hapa. Noël sasa anafundisha hisabati huko Walikale, na nasikia Ijumaa yake inaleta kelele. Solange yuko chuo kikuu Goma, anasoma fizikia, msichana pekee katika darasa lake. Mwaka jana alirudi likizo akaeleza wanafunzi wetu kwamba vyombo vinavyochungulia mwanzo wa ulimwengu vina ndani yake madini kama yale yanayotoka katika vilima vyetu. Mvulana mmoja akauliza kwa nini basi sisi hatujawahi kuchungulia. Solange alimtazama mwalimu wake. Mwalimu wake akasema kwamba hilo haliko katika maswali ya Ijumaa, kwa sababu hilo jibu lake linajulikana.

Hiyo ndiyo kazi ya miaka thelathini na sita. Na sasa anastaafishwa kwa sherehe. Nimeona mpangilio. Sala ya ufunguzi itaongozwa na Pasta Valens. Hotuba ya heshima itatolewa na inspekta, ambaye amepanda cheo. Mmoja wao amesema katika kikao cha matayarisho kwamba Mama Thacienne ni fahari yetu sote. Nilikuwa pale. Nilishika meza.

Katika kikao hicho hicho Mama Thacienne aliulizwa anataka zawadi gani. Walitegemea aseme kitenge au mbuzi. Aliomba Mama Annonciata aalikwe, apewe kiti cha mbele. Kamati ilishukuru kwa wazo hilo, ikasema litaangaliwa, na mpangilio ulipochapwa jina halikuwepo. Waliniambia ni kwa ajili ya utulivu. Neno lile lile, utulivu, miaka mitano baadaye, na bado linafunika moshi.

Wiki iliyopita, tukitoka darasani, nilimuuliza kama atampa Pasta mkono. Nilidhani ataniambia amesamehe, kwa maana wastaafu hutakiwa kuwa wamesamehe.

"Nitamusalimia," alisema. "Halafu nitamuuliza tena alionaka nini na macho yake. Miaka tano, hajanijibia."

Alisema bila kutabasamu. Nilifurahi kuona kwamba hasira hii siibebi peke yangu.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na wazazi ambao hawakuwa katika kamati: Mama Thacienne, aksanti. Aksanti kwa chaki za 1993, kwa bashi la Lushebere, kwa mikono yenye povu. Kuanzia Septemba saa ya Ijumaa nitaishika mimi. Fizikia siijui, lakini kwa saa hiyo sidhani kama ni kizuizi. Nenda ulale mpaka jua likuchoke. Magoti yasikuume, maharagwe yako yaive mapema, na ukutane na watu wa kuuliza nao siku zote za maisha yako.

Wageni wa meza kuu wajue kwamba safu ya mbele itakuwa na kiti kimoja zaidi ya vile vilivyopangwa, kati ya cha Pasta na cha inspekta. Papa Karangwa alikwenda Lushebere tangu Alhamisi. Mama Annonciata amefika jana, amekula vizuri, na amelala kwangu.